Kapasita za Kopo la Kaka

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani walimwita Lehemu, kwa sababu mashati yake yote, hata lile la kwendea mazishini, yalinuka moshi wa lehemu, na kwa sababu kwa miaka arobaini na moja hakuna aliyemwona akifanya kazi nyingine zaidi ya kuunganisha waya na waya. Duka lake lilikuwa chumba kimoja. Ukuta wa nyuma ulijaa redio za zamani, zile za sanduku la mbao zenye taa za kioo ndani, ambazo kabla hazijasema neno lazima kwanza zipate moto kama chai. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake binti yake alishona nguo. Baba na binti walizoea kusemezana kupitia ubao ule bila hata mmoja kuinua kichwa. Miaka ya karibuni binti alilazimika kurudia maneno mara mbili, mara tatu. Wote wawili waliilaumu cherehani.

Kazi iliyompatia sifa ilikuwa kubadilisha kapasita. Kapasita ni kitu kidogo, mfano wa kipisi cha sigara chenye miguu miwili ya waya, na redio moja ya zamani huweza kuwa nazo thelathini. Lehemu alipenda kuwaeleza wateja kuwa kila moja ni bawabu: sauti inaipisha, lakini umeme mnyoofu, ule wa namna ya betri, inauzuia mlangoni. Bawabu akizeeka anasinzia, na kila kitu kinapita. Ndiyo maana kapasita za zamani za karatasi na nta alizing'oa zote, zilizokufa na zilizo hai, hata zile zilizokaa ndani ya boksi hazijawahi kuonja umeme.

"Nta haijui kama umeitumia au hujaitumia," alisema. "Inazeeka tu, kama sisi."

Mafundi wadogo wa mtaa wa pili walikuja kumuuliza waweke ipi badala ya ipi, naye aliwajibu bila kufungua kitabu. Volti zizidi, zisipungue. Kiasi kiwe kilekile. Ukikosa kilekile, kikaribie. Na usinunue kwa kuangalia maandishi ya nje.

Asubuhi moja mlangoni palisimama mkokoteni, na juu yake kitu kikubwa kimeviringishwa kwa shuka la maua. Nyuma ya mkokoteni alikuja shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa, akitembea kwa fimbo lakini shingo imenyooka.

"Hodi kwa fundi asiyekwenda kusalimia wajane!"

"Karibu, shemeji. Wajane wenyewe wana ulimi kama wembe, nani atathubutu?"

"Na wewe ungekuwa na miguu kama ulimi wako, ungefika kwangu kila Jumapili."

Binti alitoka upande wake na kanda ya kupimia shingoni. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Huyu baba yako anakula vizuri? Mbona shati linamning'inia hivi?"

Walicheka. Kisha mama yule alifunua shuka, na Lehemu akaisogelea. Ilikuwa tepurekoda ya kaka yake, ya magurudumu mawili, kubwa kama sanduku la safari. Kaka ndiye aliyemfundisha kazi, na mashine ile ndiyo ya kwanza ambayo Lehemu aliwahi kuiona ndani.

"Na huu ndio mkanda," shemeji alisema. Aliutoa kwenye mkoba wake mwenyewe, hakuuamini mkokoteni. "Mwisho wa mwezi naenda kuishi kwa mwanangu, na kule sirudi, shemeji, tusidanganyane. Nataka nimsikie mara moja kabla sijaondoka. Ni dakika nne tu."

Dakika nne zile Lehemu alizijua, alikuwepo siku zinarekodiwa. Kaka alikuwa ameinunua mashine wiki ile, akamfuata mkewe nyumba nzima na kipaza sauti mkononi, akimbembeleza aseme neno. Mwanamke yule alikuwa opereta wa simu; kutwa nzima alikaa mbele ya ubao wa matundu na vyuma masikioni, akiunganisha watu na watu, na alisifika kwa kumtambua mtu kwa kikohozi chake tu. Nyumbani hakutaka kusikia habari za vipaza sauti. "Sema hata haloo," kaka alimwambia. "Sisemi," akajibu. Wakaendelea hivyo, sema, sisemi, mpaka mwenyewe akashindwa akaangua kicheko, na mkanda ukaishia katikati ya kicheko. Picha za kaka zilikuwepo tele. Sauti yake haikuwepo popote isipokuwa pale.

"Nitaitengeneza," Lehemu alisema.

"Najua. Usingeweza, ningekuletea?"

Aliifungua siku ileile. Zile kapasita mbili kubwa za kusafisha umeme zilikuwa zimevimba na kutoa uteute mweupe. Alinunua mpya kwa muuzaji wa spea aliyemzoea, lakini alipozishika akasita. Nyepesi mno. Alipasua moja kwa msumeno mdogo, na ndani ya kopo lile nene akakuta kapasita nyingine, ndogo kama kidole cha mtoto, imezungushiwa karatasi ili isicheze. Alicheka peke yake kwa hasira. Mwisho alizipata ndani ya televisheni mbovu iliyokaa chini ya meza miaka sita, akazilisha umeme kidogo kidogo kwa siku nzima, kama mgonjwa anayenyweshwa uji, mpaka zikakubali.

Zilibaki zile ndogo kumi na nne za njia ya sauti. Alizing'oa zote za nta, akaweka za plastiki za manjano, mpya, nzuri, kila moja ameipima. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Angefunga mashine, akamwita shemeji, na kisa hiki kisingekuwepo.

Lakini fundi haachii kazi bila kuisikia. Aliweka mkanda, akaiacha mashine ipate moto, akabonyeza.

Kaka alisema. Lehemu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa ni yeye kweli, ila alisikika kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Herufi zote kali zilikuwa zimeondoka: sema ilikuwa ema, sisemi hata haikueleweka. Na kicheko cha mwisho kilikuwa mvumo tu.

Aliurudisha mkanda, akasikiliza tena. Blanketi lilikuwa palepale.

Kesho yake alibadilisha kapasita nne, akaweka za kampuni nyingine. Akacheza mkanda. Bado. Akapunguza kiasi cha moja ili sauti nyembamba zipate nafasi. Akacheza mkanda. Bado. Alikuwa na mikanda mingine ya kujaribia, ya muziki, ipo rafuni; lakini muziki ule hakuufahamu kama alivyoifahamu sauti ya kaka, na alijiambia mara moja tu, kisha mara moja tu tena. Kila alipofuta kichwa cha kusomea mkanda, pamba ilitoka na vumbi la kahawia, ngozi ya mkanda wenyewe. Aliliona, akalifuta.

Siku ya tatu alikumbuka kopo. Kaka alipokufa alimwachia kopo la biskuti limejaa kapasita za nta, mpya, hazijawahi kutumika, za kampuni ileile iliyotengeneza zile za mashine. Lehemu hakuwahi kuzitumia. Alizitunza kama watu wanavyotunza saa ya marehemu. Sasa alilifungua. Zilikuwa safi, zinang'aa, maandishi yote yanasomeka. Alizipima kiasi, na kiasi kilikuwa sawasawa. Kanuni ya nta aliijua. Yeye ndiye aliyeufundisha mtaa mzima. Akaziweka.

Akacheza mkanda, na safari hii kaka alisikika karibu zaidi. Palikuwa na ukali fulani katika sauti, mkwaruzo, na mkwaruzo ule ndio aliokuwa akiutafuta. Machozi yalimtoka. "Umeona?" aliiambia mashine. "Zilikuwa zinataka za kwao."

Siku ile aliucheza mkanda mara tisa, na siku iliyofuata hakuhesabu. Na ingawa kila mara blanketi lilirudi kidogo, aliongeza sauti, akasogeza stuli, akainamisha kichwa kwenye spika.

Binti aliingia na sahani ya chakula, akaiweka chini kwa haraka, akaziba masikio.

"Baba! Zima hiyo filimbi!"

"Filimbi gani?"

"Hiyo inayopiga! Tangu jana nashona na pamba masikioni, wateja wangu wanauliza kuna nini huku."

Lehemu alitazama spika, kisha akamtazama binti yake usoni kuona kama anatania. "Hakuna filimbi hapa."

Binti aliisogelea meza, akabonyeza mashine ikazimika. Akakaa juu ya boksi. Alisema jambo, kisha akaona baba hajalipata, akalirudia.

"Nimesema, saa ya ukutani inalia. Unaisikia?"

"Ile imekufa siku nyingi."

"Haijafa, baba. Inalia kila saa."

Zahanati ya masikio ilikuwa ghorofa ya pili, na kipimo chenyewe kilifanyika ndani ya kijumba kama kabati la nguo. Nesi alimvika vyuma masikioni, akampa kitufe: ukisikia mlio wowote, bonyeza. Akafunga mlango. Lehemu alikaa amekaza macho kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Alibonyeza mara chache mwanzoni. Kisha akangoja. Baada ya muda mrefu aligonga kioo.

"Mnaanza lini sehemu ya pili?"

"Tumeshamaliza, mzee," nesi alisema.

Akamwonyesha karatasi. Mstari ulianza vizuri upande wa sauti nene, ukaenda kidogo, kisha ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Kulia na kushoto sawa. Nesi alieleza taratibu, akimgeuzia uso ili auone mdomo wake: uzee, kelele za miaka mingi, jambo la kawaida. Herufi kali, ndege, kengele, filimbi, hizo zimekwenda, na hazikwenda jana.

"Dawa yake?"

"Hakuna dawa ya kuzirudisha. Kuna vifaa vya kusaidia, vinakuza sauti. Ila sitakudanganya, kwa kiwango chako, hizo za juu kabisa..." Alitikisa kichwa.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Lehemu alisema, na nesi akacheka kwa sababu alidhani ni mzaha.

Njiani kurudi, binti alimshika mkono na kumwambia kwa sauti ya juu kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lehemu alimjibu, "Na akivunjika mhunzi?" Wakatembea.

Dukani hakukaa. Aliipindua tepurekoda, akachukua mita kubwa ya volti, ile ambayo siku za karibuni aliiona haina haja kwa kuwa alikuwa na masikio. Aliweka ncha moja nyuma ya kapasita ya nta iliyolinda kichwa cha kusomea. Sindano ilipaswa kulala. Ilipanda. Kapasita ile ya kopo, safi na inayong'aa, ilikuwa inavuja, na filimbi aliyoilalamikia binti ilikuwa kilio chake. Tangu ilipowekwa ilikuwa inapitisha umeme mnyoofu moja kwa moja hadi kwenye kichwa. Na kichwa kile ni chuma na koili. Ukikipitishia umeme wa namna hiyo kinageuka sumaku, na mkanda sauti yake imeandikwa kwa sumaku. Kila unapopita, unafutwa. Na kinachotangulia kufutika ni zile sauti nyembamba, yaani zilezile ambazo yeye hazisikii.

Alichukua pini kwenye kitambaa cha binti yake, akaisogeza karibu na kichwa. Pini iliruka ikang'ang'ania.

Aliitazama ikining'inia hapo. Alizifikiria zile za manjano, zilizokuwa sawa tangu siku ya kwanza. Aliufikiria mkanda uliofika dukani mzima, na yeye akiutafutia dawa ya blanketi ambalo lilikuwa limefunika kichwa chake mwenyewe. Mara ngapi? Thelathini? Arobaini? Alijaribu kuhesabu akashindwa, na kushindwa kule kulimuumiza kuliko hesabu yoyote.

Alifanya yaliyobaki kufanywa. Aliondoa sumaku kwenye kichwa, akang'oa kapasita za kopo moja baada ya nyingine na kurudisha za manjano, kila moja kwa kitabu na kwa mita, bila kusikiliza hata mara moja. Kazi ilitoka safi. Sindano zote zilisimama mahali pake. Pengine ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Mkanda hakuugusa. Binti alijitolea ausikilize yeye, amwambie umebaki nini. Alikataa, alisema haki ya kusikiliza kwanza si yao.

Shemeji alifika siku tatu kabla ya safari, amevaa gauni la kutokea na amepaka mafuta nywele. Binti alimwekea kiti chenye mgongo. Lehemu alitaka kusema kabla, alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, lakini mama yule aliinua mkono.

"Kwanza tumsikie. Maneno yako baadaye, yakianza huchukua mwaka mzima."

Fundi akabonyeza. Magurudumu yakazunguka. Lehemu alisikia mvumo unaopanda na kushuka, kama mtu anayeongea chumba cha tatu. Kwa hiyo hakuitazama mashine, alimtazama shemeji yake.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, mkono umeshika sikio kama zamani alivyoshika chuma cha ubao wa simu. Uso wake ulisubiri. Uliendelea kusubiri. Mara moja midomo ilicheza, kama anayemsaidia mtu kulitoa neno, kisha ikatulia. Dakika nne ziliisha. Ncha ya mkanda ikawa inapigapiga gurudumuni, tap, tap, tap, na ni binti aliyezima.

"Laini mbovu," shemeji alisema polepole. "Nilikuwa nawaambia wateja hivyo. Mtu yupo, ila laini mbovu, jaribu tena baadaye." Akamgeukia. "Mkanda ndivyo ulivyofika, au umeharibikia hapa?"

Angeweza kusema mkanda ulizeeka. Nani angempinga? Mkanda wa miaka hamsini. Binti alimtazama kwa macho ya kumruhusu.

"Ulifika mzima," Lehemu alisema. "Nimeumaliza mimi."

Akamweleza yote: za manjano, kopo, filimbi, kabati la zahanati, pini. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, mpaka akafika kwenye kuucheza mkanda tena na tena.

"Mara ngapi?" shemeji aliuliza.

"Sijui."

"Mara ngapi, shemeji?"

"Arobaini. Labda zaidi."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Arobaini," alisema. "Mimi niliomba moja." Hakuinua sauti. Lehemu angependelea ainue. "Na kile kicheko mwishoni, ulikisikia?"

"Siku ya kwanza. Kama mvumo."

"Kwa hiyo hata wewe hukukipata." Akaweka mikono juu ya fimbo. "Basi kimepotea bure."

Binti alianza kulia. Shemeji aliuomba mkanda, akauweka kwenye mkoba, akaufunga zipu. Lehemu alimuuliza aipeleke mashine kwa mkokoteni upi.

"Ya nini? Kaa nayo. Fanya unavyotaka."

Binti alimsindikiza hadi barabarani. Siku ya safari Lehemu alikwenda kuaga akakuta ameondoka na basi la mapema. Alipiga simu mara mbili mwezi ule. Shemeji alipokea, wakajuliana hali, na kwa kuwa yeye hakumsikia vizuri na mama hakuwa na haja ya kurudia, simu zilikatika mapema.

Hakutangaza kuwa ameacha redio. Alisema tu macho yamechoka, na watu wakajifanya kuamini macho. Mafundi wa mtaa wa pili walipokuja kuuliza, waliandika swali kwenye karatasi, kwa maana habari huenea, naye akawajibu kwa karatasi. Maswali yalipungua. Vifaa vile vya kukuza sauti alijaribishwa mara moja: vilikuza cherehani.

Miezi minne baadaye aliingia mtu wa makamo, amenyoa vizuri, anafungua mgahawa. Alipita redio zote akasimama mbele ya tepurekoda. Alizungumza na binti, na binti akamfikishia baba neno kwa neno, sikioni.

"Anasema ameipenda sana. Anaitaka kaunta, watu wapigie picha. Ila anataka utoe vyote vya ndani, aweke spika ya blutuzi."

"Mwambie inafanya kazi. Mwambie nimeitengeneza."

Binti alimwambia. Mtu yule alitabasamu kwa adabu, akajibu.

"Anasema hana shaka, mzee. Anataka boksi tu."

Lehemu aliitazama muda. Shemeji alishasema afanye anavyotaka, na yeye hakupata jambo lolote analolitaka. Akatikisa kichwa kukubali. Mtu yule akasema atapita mchana.

Alichomeka pasi ya lehemu, akaivuta stuli. Aling'oa taa za kioo kwanza, akazipanga kwenye gazeti. Kisha transfoma, kisha zile mbili za televisheni, kisha za manjano, kumi na nne, miguu yake bado mirefu na safi, moja moja. Ng'ambo ya ubao binti yake alimwita, akaita tena, akaacha. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri.